Jibu: Babu "alikuwa kwenye karanga" Kongwa, maana yake nini?

Mkuu, umesema familia yenu imebaki na neno moja tu kuhusu baba mzaa babu yako: kwamba miaka ya 1940 "alikuwa kwenye karanga" Kongwa, kule Dodoma. Hilo neno ni kubwa sana. Ni mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Maelfu ya vijana walitoka mbali kutafuta ajira pale.

Marehemu babu yangu naye alikuwepo. Alikuwa na kovu nyuma ya sikio, akipenda kutushika vidole tuliguse. Alilipata siku walipokuwa wanasukuma mbuyu kwa katapila, kumbe tumboni mwake mna nyuki! Kila mtu alikimbia njia yake, dereva akaiacha mashine inaunguruma peke yake. Lakini kilichomsikitisha hadi uzeeni ni udongo. Kiangazi uligeuka mgumu kama saruji, karanga zikang'ang'ania humo humo ardhini. Wagogo walioizoea ardhi ile walilima uwele na mtama, na mimi naona wangesikilizwa wao kwanza.

Kama mzee wako alifika mapema, ulizia pia mgomo wa Septemba 1947. Ulianzia kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam, ukaifuata reli hadi Kongwa.

Nyaraka za Taifa pale Dar utaenda baadaye. Wiki hii kaa na bibi, umuulize mzee alirudi nyumbani na nini mkononi. Blanketi? Sufuria? Anzia hapo.