Mikono Kama Mabomba

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nachora watu kwa penseli, lakini mikono yao hutoka kama mabomba ya maji. Nimeambiwa nikariri kwanza misuli yote ya mwili. Nianzie wapi? – Kijana wa Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Iweke kando hiyo orodha ya misuli. Anza na mifupa, hasa ile iliyo karibu na ngozi: mtulinga (ule wa mbele, kati ya shingo na bega), ncha ya kiwiko, goti, muundi wa mguu. Hizo ndizo alama zako za kupimia, awe mtu mnene au mwembamba.

Tatizo lako liko kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, penye mifupa miwili. Bana kiwiko ubavuni, kiganja kitazame juu: mifupa imelala sambamba. Sasa kigeuze kitazame chini. Mfupa wa upande wa dole gumba umevuka juu ya mwenziwe. Ule wa upande wa kidole cha mwisho umebaki karibu palepale. Upapase kwa mkono wa pili, kutoka ncha ya kiwiko hadi kinundu cha kifundo, utaufuata mzima chini ya ngozi. Uchore mstari huo kwanza, kabla ya nyama yoyote.

Kisha nenda ufukoni Mama Ngina, hapa Mombasa, agiza dafu, umwombe muuzaji ruhusa ya kumchora. Mkono mmoja umelipakata dafu, kiganja juu. Wa pili umeshika panga, dole gumba likitangulia. Mtu mmoja, mikao miwili ya mifupa ileile!

Na bega usilisahau, maana wengi hulisahau. Mkono umeungana na mifupa ya kiwiliwili kwa mtulinga peke yake. Mtu akiuinua hadi juu ya kichwa, nyuzi 180, takriban 60 kati ya hizo hutokana na kombe la bega kuzunguka mgongoni. Ukiuchora mkono umepanda na bega limebaki chini, utaonekana umechomoka. Watazame wapagazi wa soko la Marikiti wakijitwisha magunia. Wavuvi nao huvuta nyavu vifua wazi, kwa hiyo huna haja ya kumvua mtu nguo ili ujifunze. Mji wetu una heshima zake, nami nazipenda.

Majina ya misuli yatakuja baadaye. Mwezi huu chora mkono wako usioshika penseli, katika kila mkao, kisha niletee karatasi zote, hata zile ulizotaka kuzichana.