Kila mwaka unapanga kuanza kushona, kila mwaka "muda bado"

Dada, umeuliza kwa nini, ukiwa na miaka 36, bado unafanya kazi ya stoo Kariakoo usiyoipenda, na cherehani uliyonunua ingali na nailoni yake. Uvivu sidhani. Ukikwepa kinachokutisha, moyo hutulia papo hapo, na unafuu huo ndio unaoifundisha akili ikwepe tena. Hofu yenyewe huioni kwa sababu inajiita busara: ngoja mtaji utimie, ngoja mtoto amalize la saba.

Chukua daftari, andika "Nikianza kushona, halafu…" uimalizie mara 10 bila kufuta. Majibu ya mwanzo mara nyingi huwa ya hela. Usiyaamini haraka. Chini ya orodha ndiko yanakotoka yale ya kweli: wifi atanicheka, nitaonekana nimeshindwa ofisini, fundi wa mtaani ananizidi.

Chagua jibu moja, ulipime kwa kitendo kidogo: shona foronya 2, umpelekee jirani, umtajie bei kwa mdomo wako (hapo ndipo ulimi hukauka). Kabla hujaenda andika unachotabiri, ukirudi andika kilichotokea. Wiki ijayo panda ngazi kidogo: mpelekee mtu usiyemjua. Wengi huharibu kwa kuruka hadi kukodi fremu Sinza na kulipa kodi ya miezi 6. Wateja wakichelewa, hofu inapata ushahidi.

Ila kama zaidi ya wiki 2 hulali vizuri na huna hamu ya chochote, huenda ni sonona (ugonjwa wa huzuni nzito). Nenda kitengo cha afya ya akili Muhimbili kwanza, cherehani itasubiri.