Hoja ninazo, mbona hawashawishiki?

SWALI: Nasoma balagha ya Wagiriki wa kale, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno. Mwanafalsafa wao Aristotle anataja njia tatu za kushawishi: tabia ya msemaji, hisia za wasikilizaji na hoja yenyewe. Hoja zangu nazipanga hatua kwa hatua, lakini watu wanasinzia. Nakosea wapi?

JIBU: Pengine unasema mno. Aristotle alitaka hoja ya jukwaani iwe fupi, na lile linalojulikana aachiwe msikilizaji alijazie mwenyewe. Mfano wake ni mwanamichezo Dorieus: ukisema alishinda michezo ya Olympia, yatosha; kwamba zawadi ya huko ni taji, kila Mgiriki alijua. Basi andika hoja yako yote, kisha futa kila kauli isiyobishaniwa. Ila usifute yenye ubishi, maana pengo hilo msikilizaji atalijaza apendavyo, na hoja itaanguka.

Kwenye hisia, wengi hukimbilia machozi, na ni uvivu tu. Ukitaka kuamsha hasira, jua mtu hukasirika akiwa katika hali gani, humkasirikia nani, na kwa lipi. Likikosekana moja, hasira haiji. Na tabia? Busara, uadilifu na nia njema vionekane ndani ya hotuba yenyewe. Sifa ulizokuja nazo Aristotle hakuzihesabu.