Mhusika mwema anayeingilia akili za watu: namna ninavyomcheza mimi

Mkuu, swali lako nimelisoma mpaka mwisho. Unataka kucheza mchawi wa School of Enchantment (shule ya uchawi wa kuroga akili) kwenye Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kete), mhusika wako awe mtu mwema kabisa, na DM wako, yaani msimamizi wa mchezo, amekuambia hilo haliwezekani kwa sababu anayeingia kwenye akili ya mtu bila ruhusa ni mwovu tu hata akiwa anatabasamu. Waliochangia kabla yangu wamekujibu kwamba DM anakubania, maana paladini, yule shujaa mtakatifu wa upanga, anapasua watu vichwa kila kikao na hakuna anayemuuliza kitu. Mimi nimecheza mhusika wa aina hii kwa kampeni nzima (hadithi moja ndefu ya vikao vingi) na bado ninaye, na naona pande zote mbili zimelipita jambo lenyewe.

Tuanze na hoja ya paladini, kwa sababu ina nguvu kuliko DM wako anavyotaka kukiri. Mlinzi aliyekatwa shingo harudi kwa wanawe. Mlinzi aliyerogwa saa moja anarudi, hata kama amenuna. Hapo sina ubishi. Lakini ukiifanya hoja hiyo kuwa ruhusa ya jumla itakupeleka pabaya, kwani paladini hachomoi upanga ili apunguziwe bei ya ngano. Upanga una kelele na una damu, kila mtu mezani anajua sasa mambo yamekuwa makubwa. Uchawi wa akili hauna kelele. Ndiyo maana unaanza kidogo kidogo kuutumia kwa muuza duka, kwa karani wa bandari, kwa mwenye nyumba ya wageni aliyesema vyumba vimejaa.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja, na huwa najiuliza kabla sijatangaza ninachofanya: nisingekuwa na uchawi huu, ningefanya nini hapa? Kama jibu ni kwamba ningechomoa silaha, naendelea na dhamiri yangu imetulia. Kama jibu ni kwamba ningemwomba, basi namwomba, na akikataa amekataa. Uchawi wa akili ukichukua nafasi ya upanga, umepunguza madhara duniani. Ukichukua nafasi ya maneno, umemnyang'anya mtu haki ya kusema hapana, na hapo DM wako yuko sahihi asilimia mia.

Sasa tazama kanuni zenyewe (nazungumzia toleo la tano la 2014, ndilo tunalochezea sisi). Charm Person, uchawi wa kumfanya mtu akuone rafiki, inadumu saa 1, na ikiisha, aliyerogwa anajua kwamba umemroga. Friends, ile ndogo kabisa isiyopunguza idadi ya uchawi unaoruhusiwa kwa siku, inadumu mpaka dakika 1 halafu mtu anajua umemchezea na anakuwa adui yako. Watu wengi huona huu ni usumbufu tu wa kuzuia wachezaji wasiharibu mchezo. Mimi naona ndipo utamu wa mhusika mwema ulipo. Mwovu akimroga mtu anahesabu dakika ili awe ameshatokomea. Mwema anabaki, au anarudi. Kwenye vitabu vya zamani haikuwa hivi: AD&D ya 1978 ilimpa aliyerogwa nafasi ya kujinasua kulingana na akili zake, na mwenye akili ndogo kabisa angeweza kusubiri miezi 3 kabla ya kurusha kete tena. Huyo si mtu uliyemroga, ni mtumwa. Ukikutana na mzee wa enzi hizo anayekuambia hakuna mrogaji mwema, mwelewe, kuna alichokiona mezani.

Mhusika wangu anaitwa Bi Zuhura. Si mchawi msomi kama wako, ni malenga, yaani bard, mama mtu mzima aliyekuwa somo wa mabinti kwao kabla ya vita, na sauti yake ndiyo silaha. Kisu anacho, lakini ni cha kumenyea maembe.

Nikupe mfano wa darajani kwanza, maana ni wa kawaida na utakukuta kikao cha kwanza tu. Tunataka kuvuka usiku, amri ya bwana mkubwa ni kwamba hapiti mtu baada ya jua kuzama, na mlinzi wa langoni, kati ya wenzake, ni kijana ambaye hata ndevu hazijakaa sawa. Mwizi wa kikosi chetu akanigeukia, "Mama, fanya mambo yako." Nikamuuliza DM, kwa sauti, kijana huyu atafanywa nini asubuhi wakijua amefungua lango? DM akafikiri kidogo akasema, viboko, pengine zaidi. Basi Charm Person ilikuwa imekwisha kufa hapo hapo, kwa sababu gharama yake ingelipwa na mgongo wa mtu mwingine. Tukatumia Sleep. Walinzi wote wakakutwa wamelala, hakuna aliyefungua lango kwa hiari, hakuna wa kuchapwa peke yake. Ni kutumia nguvu, ndiyo, lakini ni nguvu ambayo kijana anaweza kujitetea nayo mbele ya mkuu wake. Swali hilo la asubuhi mtu atafanywa nini lizoee. DM mzuri atalipenda kuliko hotuba yoyote utakayompa kuhusu wema wa mhusika wako.

Mfano wa pili ndio uliofanya hata wenzangu mezani waache kutania. Kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, watoto wamekufa kwa homa, na watu wamezunguka nyumba ya mkunga mmoja bibi kizee wakisema ndiye aliyewaloga. Wa huku kwetu hamhitaji kuelezwa tukio la namna hiyo linaendaje. Mienge, mapanga, na yule jamaa mmoja wa nyuma ambaye hana mtoto aliyekufa lakini ndiye anayepiga kelele kuliko wote.

Bi Zuhura akatumia Calm Emotions. Ieleweke inafanya nini: unachagua eneo la duara la futi 20 kutoka katikati kwenda pembeni, binadamu na viumbe wa aina yao waliomo wanarusha kete ya kujinusuru ya Charisma (haiba ya mtu), na wanaoshindwa wanakuwa hawana chuki tena na wale unaowataja. Dakika 1. Raundi 10 za zamu za wachezaji, basi. Na akipigwa mmoja wao, au akiona rafiki yake anaumizwa, utulivu kwake umekwisha papo hapo. Tena uchawi ukiisha hasira inarudi, isipokuwa DM aamue vingine.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, mkuu. Uchawi wenyewe hauleti amani. Unakupa dakika moja ya watu kukusikiliza, na hiyo dakika uitumie kwa kazi halisi. Mpiganaji wetu alikuwa ameshainua shoka, nikamwomba alishushe, angegusa mtu mmoja tu kila kitu kingemwagika. Raundi tatu za mwanzo mwizi alipita dirisha la nyuma kumtoa bibi. Mimi raundi zote zilizobaki nilifanya jambo moja tu: Bi Zuhura aliwauliza wale kina baba majina ya watoto wao. Mmoja mmoja. DM hakuwa ameandaa majina, akawa anayatunga huku sauti inamkwama. Hatukurusha kete hata moja hapo katikati.

Raundi ya kumi ilipoisha, Bi Zuhura hakukimbia. Akasema, "Nimewatuliza kwa uchawi. Umekwisha sasa. Mwenye hasira na hilo, mimi huyu hapa." DM akaniambia nirushe kete ya ushawishi, ya kawaida kabisa, bila msaada wa uchawi wowote. Nikapata namba ya wastani. Baadhi waliondoka wakilia, baadhi wakaokota mawe, na Bi Zuhura alitoka pale kichwa kinavuja damu. Mkunga alikuwa ameshafika msituni. Kijiji kile mpaka leo hatukaribishwi, na mimi sioni kama DM alituonea. Wana haki ya kutotutaka.

Naona swali lako la kweli liko hapo, ingawa hukuliuliza hivyo: mhusika mwema aliyekiuka akili ya mtu anakaa vipi na deni hilo? Jibu langu ni kwamba analijua, analitaja, na haombi asamehewe mara moja. Mchezaji anayeruka hatua hiyo ndiye anayewafanya ma-DM wachukie klasi nzima, yaani aina hiyo yote ya wahusika.

Suggestion, uchawi wa kumpendekezea mtu jambo akalitenda, ndiyo mtihani wako mkubwa, na wewe kama mchawi utaipata mapema, ngazi ya tatu tu. Inadumu mpaka saa 8 ukishikilia umakini, na hakuna mstari unaosema mtu atagundua baadaye. Anaweza kutekeleza jambo akidhani ni wazo lake. Kitabu kinatoa mfano wa knight, yaani askari mpanda farasi, anayeambiwa ampe farasi wake wa vita ombaomba wa kwanza atakayekutana naye. Tazama mfano huo ulivyo na hila: sadaka, jambo jema! Lakini mwenye farasi ataamka kesho hana farasi, hajui kwa nini, na ombaomba anaweza kukamatwa kwa wizi. Bi Zuhura ameiweka kwa watu wenye silaha mkononi pekee, na maneno yake huwa mafupi: nenda nyumbani ukalale, rudi kambini ukapumzike. Kumfanya mtu aseme siri, atie saini, au aachie mali yake, hapana. Dominate Person, ile ya kumtawala mtu moja kwa moja, naiona hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi. Naitumia mtu akiwa tayari anaua, na amri ni moja, tupa silaha.

Modify Memory, ya kubadili kumbukumbu, tumeigusa kwa ombi la mwenyewe tu. Askari alimwona ndugu yake akiuawa asubuhi ile, akamwomba Bi Zuhura amwondolee. Uchawi ule unashika tukio lisilozidi dakika 10, na liwe limetokea ndani ya saa 24 zilizopita, maana yake mtu analazimika kuamua akiwa bado kwenye kilele cha uchungu. Tulibishana mezani mpaka chai ikapoa. Mwishowe Bi Zuhura alikaa naye usiku kucha akaahidi kumjibu kabla saa hazijaisha. Alfajiri askari mwenyewe akasema aache. Sijui angesema afanye ningechezaje.

Mambo ya wachezaji wenyewe nayapitia haraka lakini usiyaruke. Moja, hakuna kumroga mhusika wa mchezaji mwenzako bila yeye mchezaji kukubali, hata kama kanuni zinaruhusu na hata kama "mhusika wangu ndivyo alivyo". Mwulize nje ya mchezo, sekunde tano. Pili, mapenzi. Hapa kwetu sote tunajua stori za limbwata na huwa tunazicheka, lakini ukitumia Charm Person kumpata mtu kitandani, hakuna kipimo chochote nilichotaja kitakachokuokoa, na mezani kunaweza kuwa na mtu ambaye yamemkuta ya kweli. Sisi tulikubaliana kwenye kikao cha maandalizi kwamba hilo halipo kabisa, na tunaweka X-Card ya John Stavropoulos katikati ya meza: anayeigusa, tukio linaachwa, haelezi sababu.

Kwa mhusika wako hasa. Kama mchawi hutapata Calm Emotions, hiyo ni yetu sisi malenga na makasisi. Lakini kwenye ngazi ya pili shule yako inakupa Hypnotic Gaze, na watu wanaidharau kwa sababu inafika futi 5 tu. Mimi naionea wivu. Unasimama uso kwa uso na mtu, unamtazama, anabaki ameduwaa hawezi kufanya kitu, na kila zamu inabidi utumie tendo lako kuendelea kumtazama. Ukisogea mbali, au akiumizwa, amefunguka. Ni kumzuia mtu kwa mwili wako mwenyewe ukiwa ndani ya urefu wa kisu chake. Mweleze DM wako hiyo ndiyo picha ya mhusika unayemtaka, uone kama hatalegea.

Halafu mweleze na jambo la pili mapema, kabla kampeni haijaanza. Kwenye ngazi ya 14 shule hiyo hiyo inakupa Alter Memories: unamroga mtu na unamfanya asijue kabisa kwamba alirogwa, tena unaweza kumsahaulisha sehemu ya saa alizokuwa mikononi mwako. Yaani ule mlango wa watu kukudai, kitabu kinakupa ufunguo wa kuufunga. Mimi ningemwambia DM tangu leo kwamba mhusika wangu hataichukua, tukubaliane kitu kingine cha nguvu inayolingana. Au aichukue, na kampeni ya ngazi hizo iwe juu ya siku atakayoitumia.