UTI ya mwanangu ilikuwa inaanzia chooni shuleni

Juzi dada mmoja wa Mbagala kanitumia meseji, binti yake wa miaka sita kaumwa UTI mara ya nne tangu mwaka uanze, anauliza wangu nilimpa dawa gani akapona. Dada yangu, nilimpa kila dawa, na hapo ndo nilipokosea.

Wangu alianza akiwa darasa la kwanza. Homa, anakojoa kidogo kidogo huku analia, nakimbilia duka la dawa hapa Tabata nanunua antibayotiki, siku ya tatu nikimwona anacheza naacha, chupa inabaki nusu. Mwezi haupiti imerudi. Mawifi wakasema simuogeshi mtoto, iliniuma na mpaka leo inaniuma.

Mara ya sita dokta akakataa kuandika dawa mpaka mkojo uoteshwe, yaani ukae maabara bakteria waote, ijulikane ni wapi na dawa gani inawaua. Siku tatu, majibu yakaja: E. coli, wale bakteria wa kwenye choo kikubwa, na ile dawa yangu ya kila siku haiwaui tena. Ultrasaundi ikaonyesha ukuta wa kibofu umekuwa mnene, baadaye akachomwa ya usingizi wakaingiza kamera ndogo, nikaonyeshwa kwenye skrini utando wa ndani umejaa vipele kama punje za mtama. Niliishiwa nguvu, nikawaza kansa tu. Dokta akasema hapana mama, inaitwa sistaitisi sistika, utando umechokozwa na maambukizi ya kurudiarudia, UTI zikikaa mbali muda mrefu navyo vinapungua.

Halafu akamgeukia mtoto, "Shuleni unakojoa wapi?" Akajibu sikojoi, choo kinanuka hakina maji. Kumbe asubuhi mpaka saa tisa kabana! Na choo kikubwa anapata mara mbili kwa wiki, kigumu, kinakandamiza kibofu mkojo hautoki wote, na mimi mama yake sijui.

Jamani wazazi, acheni kubahatisha dawa. Toeni mkojo wa kuotesha kabla ya dozi ya kwanza, sio baada, na dozi mmalize. Anywe maji, ale papai, akojoe kila masaa mawili matatu, ajitawaze toka mbele kwenda nyuma. Narudia, mkojo uoteshwe kwanza! Na akiwa na homa kali anatapika usisubiri kesho, hapo figo zinaweza kuumia.

Sisi tulipewa dozi ndogo ya antibayotiki ya kila usiku kwa miezi sita, ya kuzuia isirudi, nikaongea na mwalimu wake amruhusu kutoka, na kila asubuhi namwekea chupa ya maji ya kutawazia kwenye begi. Sasa ni miezi tisa hajaumwa. Jana karudi, hata viatu hajavua, "Mama, leo nimekojoa mara tatu."