Kurudi chuo kikuu ukiwa na familia: anza na ratiba ya mafunzo kwa vitendo

Dada uliyeuliza kama miaka 43 na watoto watatu ni kikwazo cha kusomea uuguzi au ustawi wa jamii, nakujibu kama mama niliyerudi darasani na ambaye leo ninafanya kazi ya ustawi wa jamii. Umri haukuzuii. Cicely Saunders alikuwa ameshafanya kazi ya uuguzi, kisha ya ustawi wa jamii hospitalini, ndipo akarudi kusomea udaktari na kufuzu mwaka 1957 akiwa anakaribia miaka 40. Mwaka 1967 alifungua kituo cha St Christopher's Hospice jijini London kwa ajili ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, na kwa maoni yangu zile kazi mbili za awali ndizo zilizompa macho ya kuona maumivu ambayo wengine walikuwa wakiyapita.

Ninachotaka ukipe uzito ni mafunzo kwa vitendo, kwa sababu hapo ndipo nilipowaona wenzangu wengi wakikatisha masomo. Ukikosa mhadhara unaweza kuazima daftari la mwenzako, lakini ukipangiwa zamu ya usiku wodini ni lazima uwepo. Saa zenyewe si haba: katika nchi za Umoja wa Ulaya, mafunzo ya muuguzi hayapungui saa 4,600, na angalau nusu yake ni ya kuwahudumia wagonjwa. Nchini Marekani, shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii hudai saa zisizopungua 400 za kazi katika kituo cha mafunzo kwa vitendo, na ya uzamili 900. Mara nyingi saa hizo hazina malipo, kwa hiyo bajeti iliyohesabu karo peke yake huvunjika katikati ya safari.

Kabla hujalipa chochote, iulize ofisi ya udahili mafunzo hayo huanza lini, nani huchagua kituo, na kama unaruhusiwa kuyatandaza kwa muda mrefu zaidi. Hakikisha pia kwamba kozi inatambuliwa na chombo kinachosajili wanataaluma, maana bila hivyo utakuwa na shahada usiyoweza kuifanyia kazi. Nyumbani, usiridhike na ahadi ya jumla kwamba watakusaidia. Mkubaliane ni nani hasa atakayebaki na mtoto akiugua siku ya zamu yako.

Kuhusu hofu yako ya kuachwa nyuma na vijana, uzoefu wa kulea utakufaa sana, ila una upande wake wa pili. Sisi tuliolea tumezoea kutoa suluhisho kabla mtu hajamaliza kueleza shida yake. Msimamizi wangu alitutaka tugawe kila ukurasa wa taarifa sehemu mbili: upande mmoja tuliyoyaona na kuyasikia, upande mwingine tuliyoyadhani. Kwamba mtoto hakuvua sweta chumba kikiwa na joto kali huandikwa upande wa kwanza. Kwamba anaficha alama za kipigo huandikwa upande wa pili, mpaka uthibitishe. Zoezi hilo ninalifanya hadi leo kabla sijaandika pendekezo lolote kuhusu familia ya mtu.

Ukishapata ratiba ya vituo, iweke hapa tuipitie pamoja kabla ya kulipa karo.