Kuligeuza jina la kanga kuwa fonti

Wewe unayetaka kutengeneza fonti kutokana na jina la kanga ya zamani, kompyuta iache kwanza. Piga kanga pasi, itandaze mezani, ulifuate jina kwa kidole herufi moja moja. Mimi sikufanya hivyo. Niliskani kanga ya shangazi, nikaiachia programu ichore yenyewe, na S moja ikaja na nukta zaidi ya mia, yaani vituo vinavyoshika mstari wa herufi. Nilikuwa nimenakili nyuzi za pamba na rangi iliyosambaa, si mkono wa mchoraji. Nikafuta zote, nikaanza upya kwenye FontForge, programu ya kuchora fonti isiyo na malipo, nikiweka nukta pale tu mkunjo unapofika ukingoni: juu, chini, kushoto, kulia.

Rangi ikinywewa na pamba, kona huwa butu na tundu la A huanza kuziba. Ubutu niliubakiza, kwa kuwa ndio unaonukia kanga. Tundu nililipanua, maana kwenye simu, A ikipunguzwa ukubwa hugeuka doa.

A ndiyo itakayokutoa jasho. Andika HARAKA HARAKA HAINA BARAKA: herufi 23, na 11 kati yake ni A. Ukichora A moja tu, zote zitafanana kama mhuri na uhai wa mkono utapotea. Nilichora tatu: ya mguu mpana, ya kijiti cha kati kilichoshuka, na iliyoinama kidogo. Kisha nikaandika amri ya calt, inayobadilisha umbo la herufi kwa kutazama jirani zake, ili zipokezane zenyewe.

Q na X usizitafute kwenye kanga. Kiswahili sanifu hakizitumii, na C huja na H tu. Lakini yupo atakayeandika Qatar au Alex, kwa hiyo Q itoe kwenye O, na X kwenye mikono ya K. Herufi ndogo mimi nisingezibuni.

Kanga ikiwa na chapa ya mwenyewe, kama Mali ya Abdulla ya Mombasa, omba ruhusa kabla ya kuuza fonti.

Nafasi kati ya herufi zijaribu kwa NG'OMBE WA YAYA. Ritifaa itaacha pengo kati ya G na O, na W itaikimbia A. Zisogeze kwa jicho, usiamini namba za programu.

Nilipomaliza nilichapa jina lilelile kwa ukubwa uleule, nikalitundika kando ya kanga. Shangazi aliangalia kimya, kisha akagusa R: "Hii imekaa kama ya gazeti." Nikairudia R.